Kuchora ramani ya kijiji kwa simu: mwongozo kamili kwa wanaojitolea

Ni Desemba, shule zimefungwa, na binti mmoja wilayani Serengeti, mkoani Mara, amekimbia nyumbani ili asikeketwe. Amejificha kwa shangazi yake, kwenye kitongoji kisicho na kibao barabarani wala jina kwenye ramani ya simu. Watu wa kumwokoa wapo, gari lipo, dereva yupo. Kinachokosekana ni njia. "Ukifika mnadani pinda kushoto, vuka korongo, halafu ulizia kwa mwenye mashine ya kusaga." Saa tano usiku hakuna wa kuuliziwa.

Shida hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyousukuma mradi wa kujitolea wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, kuichora Tanzania ya vijijini kwenye OpenStreetMap. Watu wengi, wengine hawajawahi kukanyaga mkoa wa Mara, walikaa mbele ya kompyuta wakichora barabara na nyumba kutoka kwenye picha za setilaiti. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Ila picha ya setilaiti inaonyesha paa la bati tu. Haisemi kama chini yake kuna zahanati au ghala la pamba. Inaonyesha msitari wa udongo mwekundu, haisemi unakokwenda panaitwaje. Jina la mahali liko midomoni mwa watu wa mahali, na hakuna wa kulifuata huko isipokuwa mtu mwenye miguu na simu. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Mifano yangu mingi ni ya Serengeti, lakini hatua ni zilezile ukiwa Kilolo, Kwale au Kitui.

Ijue kwanza ramani unayoichangia

OpenStreetMap ilianzishwa mwaka 2004 nchini Uingereza na Steve Coast. Ni ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, na yeyote anaweza kuitumia bure ilimradi ataje chanzo. Ukiongeza kisima leo, kesho kinaweza kuonekana kwenye simu ya mwendesha bodaboda, kwenye kompyuta ya mhandisi wa maji wa wilaya, na kwenye ramani za mashirika ya misaada wakati wa mafuriko. Ndiyo maana ninashauri uchoree huku, si kwenye ramani za kampuni ambazo hutaweza kuzichukua na kuzitumia upendavyo.

Kuna sharti moja ambalo halina mjadala: usinakili kutoka kwenye ramani nyingine yenye hakimiliki, ikiwemo Google Maps. Andika ulichokiona kwa macho yako au ulichoambiwa na wenyeji. Kwa Tanzania swali hujitokeza kama anwani za makazi, yaani majina ya mitaa na namba za nyumba, zinaruhusiwa. Kibao cha mtaa ulichokiona kimesimama njia panda, au namba iliyobandikwa mlangoni, ni kitu ulichokishuhudia. Kuchota orodha nzima kutoka kwenye mfumo wa serikali ni jambo jingine, na linahitaji ruhusa.

Hatua ya kwanza: simu, chaji na daftari

Simu ya Android ya kawaida inatosha, hata ya mkono wa pili, ilimradi GPS yake inafanya kazi. Wengi huamini GPS inakula bando. Haili. Setilaiti hutuma ishara na simu yako hupokea tu. Mtandao unachosaidia ni kuiambia simu mapema setilaiti ziko wapi, kwa hiyo usipokuwa na mtandao simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kujitambua asubuhi. Simama uwanjani, subiri, usianze kutembea kwa haraka. Kwenye anga wazi simu nyingi hukosea kwa takriban mita 5. Chini ya mwembe mkubwa au ukiwa umeegemea ukuta wa jengo la bati, kosa huongezeka, hivyo sogea pembeni kabla ya kurekodi.

Beba pawabenki iliyojaa. Punguza mwanga wa kioo. Na beba daftari na penseli, kwa sababu karatasi haiishi chaji, na pia kwa sababu wazee wengi huongea kwa uhuru zaidi mbele ya daftari kuliko mbele ya simu iliyoelekezwa usoni kwao.

Hatua ya pili: chagua programu kulingana na kazi

Hakuna programu moja inayofanya yote vizuri. Hizi ndizo ninazoziamini, na zote zinaweza kufanya kazi bila mtandao ukishapakua eneo lako.

Organic Maps ni ya kuanzia. Inaonyesha ramani, inatafuta njia, na inakuruhusu kuongeza mahali kwa kubonyeza na kujaza fomu fupi. Ukimwekea dereva wa bodaboda programu moja tu, muwekee hii.

StreetComplete, ya Android, inakuuliza maswali kuhusu vitu ambavyo tayari viko kwenye ramani: barabara hii ni ya lami au ya udongo? Jengo hili ni la nini? Unajibu, basi. Ni nzuri sana kwa mtu ambaye hajawahi kuchora ramani maishani mwake. Udhaifu wake ni kwamba kijiji kitupu hakina cha kuulizwa, kwa hiyo usishangae ukiifungua ukakuta maswali mawili matatu tu.

Hapo ndipo Every Door inapoingia. Imetengenezwa kwa ajili ya kuongeza maduka, shule, zahanati, nyumba za ibada na huduma nyingine kwa haraka, na inakuwezesha kuthibitisha kwamba kitu kilichoandikwa zamani bado kipo. Kwa kijiji kinachoanza karibu na sifuri, hii ndiyo ninayotumia muda mwingi.

OsmAnd ninaitumia kurekodi njia ninayopita. Washa nyongeza yake ya kurekodi safari, anza kutembea, na mwisho wa siku unapata faili la GPX linaloonyesha kila kona uliyopita. Jambo moja linaumiza wengi: simu hupenda kuzima programu zinazoendelea kwa chini ili kuokoa betri. Niliwahi kutembea siku nzima kwenye mashamba, jioni nikakuta rekodi imekatika dakika kumi baada ya kuondoka. Ingia kwenye mipangilio ya betri na uiruhusu OsmAnd ifanye kazi bila kizuizi, kisha ijaribu kwa kuzunguka nyumbani kwako kioo kikiwa kimezimwa.

Vespucci inahariri karibu kila kitu, pamoja na kuchora misitari ya barabara juu ya picha ya setilaiti. Ni ngumu kidogo. Iache hadi umezoea zile nyingine, au fanya kazi ya misitari kwenye kompyuta ukirudi mjini.

Mwisho kuna KoboCollect na ODK Collect. Hizi ni za madodoso, na taarifa zake haziendi kwenye ramani ya wazi zenyewe. Tumia hizi pale unapohitaji kukusanya mambo ya ndani ya kijiji, mfano kaya ngapi huchota maji kwenye kisima fulani, ambayo hayafai kutangazwa kwa dunia.

Hatua ya tatu: maandalizi kabla ya kuondoka kwenye mtandao

Fungua akaunti ya OpenStreetMap kwenye openstreetmap.org. Jina la akaunti litaonekana na kila mtu daima, hivyo mtu asiyependa kujulikana asitumie jina lake kamili. Andika nenosiri mahali, kwa sababu utalihitaji kwenye kila programu. Ingia kwenye akaunti ukiwa bado mjini au mahali penye mtandao mzuri. Kuingia ukiwa kijijini kwenye kijimtandao cha kubahatisha kunapoteza asubuhi nzima.

Pakua ramani ya eneo lako kwenye Organic Maps na OsmAnd. Kwenye StreetComplete na Every Door, sogeza ramani hadi kijijini na upakue taarifa za eneo hilo. Kisha weka simu kwenye hali ya ndege na uone kama ramani bado inafunguka. Isipofunguka, afadhali ulijue hilo nyumbani.

Fanya zoezi moja mtaani kwako kabla ya safari. Ongeza duka unalolijua, lipakie, subiri dakika chache, kisha liangalie kwenye tovuti. Mtu akishaona kitu chake kimetokea kwenye ramani ya dunia, hahitaji tena kushawishiwa.

Hatua ya nne: ofisi ya kijiji

Hapa ndipo miradi mingi huharibika, na si kwa sababu ya teknolojia. Vijijini kwetu, mtu mgeni anayezunguka na simu akinyooshea nyumba na mashamba ana maana mbili tu machoni pa watu: anapima ardhi ili ichukuliwe, au anatafuta madini. Mara ni mkoa wa dhahabu na wa migogoro ya ardhi, na hofu hiyo watu wameipata kwa yaliyowapata.

Kwa hiyo anza kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Kama wewe si mkazi wa kata hiyo, pitia kwa mtendaji wa kata kwanza. Nenda na barua fupi yenye jina lako, simu yako, unachofanya na usichofanya. Toa shikamoo kwa wanaostahili, kaa, subiri zamu yako. Kisha washa simu uwaonyeshe ramani ilivyo sasa: kijiji chao kikiwa eneo jeupe. Mara nyingi eneo hilo jeupe lenyewe hufanya kazi ya maneno mengi. Nimemwona mwenyekiti akiisogeza ramani kwa kidole, akaona kijiji jirani kina shule na zahanati, chake hakina kitu, akamwita mwenyekiti wa kitongoji papo hapo.

Sema wazi kwamba huchori mipaka. Usichore mpaka wa kijiji, wa shamba wala wa malisho, hata ukiombwa, hata ukionyeshwa jiwe. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na msitari uliochorwa na mtu wa kujitolea unaweza kutumiwa kesho kama ushahidi katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ikiwezekana omba upewe dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji ili maneno hayo yasikike na wote, si na viongozi peke yao.

Omba pia mtu wa kuongozana nawe. Mpishe mwenyekiti amchague, ila uliza kama anaweza kuwa mwanamke. Wanaume watakuonyesha barabara na mnada. Mama atakuonyesha njia ya kwenda kisimani, mahali pa kuvukia mto mvua ikinyesha, na nyumba ya mkunga wa jadi ambaye hutafutwa usiku.

Hatua ya tano: kutembea

Anza na sehemu zinazoulizwa zaidi: zahanati au kituo cha afya, shule, ofisi ya kijiji, vituo vya maji, njia panda, mashine ya kusaga, gulio au mnada, josho la mifugo, maduka, makanisa na misikiti. Hizi ndizo alama ambazo watu hutumia kuelekezana. Ukimaliza hizo tu, tayari dereva mgeni anaweza kufika.

Kwenye vituo vya maji usiridhike na kuweka nukta. Ni kisima cha kuchimba kwa mkono, cha pampu ya mkono, au ni bomba la mradi? Kinatoa maji leo? Maji ni ya kunywa au ya chumvi? Hukauka kiangazi? Kisima kilichokufa ambacho ramani inasema kinatoa maji ni kibaya kuliko kisima kisichoandikwa, kwa sababu mtu atatembea kilomita tatu na ndoo kichwani kukifuata. Kama hukioni kikifanya kazi kwa macho yako, usiandike kwamba kinafanya kazi.

Barabara zinawachanganya wengi. Daraja la barabara kwenye OpenStreetMap, yaani ngazi yake, linafuata umuhimu wake, si ubora wake. Barabara inayounganisha kata mbili inabaki na daraja lake hata kama ni ya vumbi na mashimo. Ubora huandikwa pembeni, kama udongo, changarawe au lami. Njia inayopitika kwa miguu na pikipiki tu iandikwe hivyo, isifanywe barabara ya gari kwa kuipenda. Nimeshaona gari la wagonjwa likipelekwa na ramani kwenye njia ya ng'ombe, na kulirudisha nyuma kulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Korongo ni la kusimamia kwa makini kuliko vyote. Pale njia inapovuka mto pasipo daraja, weka alama ya kivuko cha maji, kwenye mfumo huandikwa ford=yes, na uulize wenyeji hali ya masika. Kama kuna kalavati au daraja la magogo, liandike. Kama wakati wa mvua watu huzungukia njia nyingine, itembee hiyo njia nyingine pia na uirekodi. Wilaya ya Serengeti ina mito ya msimu mingi, na ramani isiyojua masika ni ya nusu mwaka.

Usipige picha nyuso za watu, hasa watoto. Piga picha za vibao. Zitakusaidia jioni kusahihisha tahajia.

Majina

Kwenye mfumo, kijiji huandikwa place=village na kitongoji place=hamlet. Hilo ni jepesi. Jina lenyewe ndilo kazi.

Uliza watu wasiopungua watatu, wa umri tofauti, na angalau mmoja awe mzee aliyezaliwa hapo. Niliwahi kuandika jina la kitongoji kama nilivyolisikia kwa kijana wa bodaboda. Wiki iliyofuata mama mmoja akanieleza, kwa upole, kwamba hilo ni jina la utani la baa iliyokuwepo zamani, na kwamba wenyewe hawapendi kuitwa hivyo. Nililibadilisha siku hiyohiyo.

Tahajia nayo ina mitego. Rung'abure ina sauti ya ng', kama ya ng'ombe. Ukiandika Rungabure umebadilisha matamshi. Utakuta Natta na Nata, Issenye na Isenye, kwenye vibao viwili vya mahali pamoja. Usichague kwa kupenda. Jina linalotumiwa zaidi na wenyeji liweke kama jina kuu, na lile lingine liingize kama jina mbadala, alt_name, ili anayelitafuta kwa tahajia yoyote alipate. Usitafsiri jina la mahali, na usiongeze neno "kijiji" mbele ya jina lenyewe.

Yasiyowekwa kwenye ramani

Usiandike jina la mwenye nyumba. Nyumba inaweza kuonekana. Aliye ndani yake si habari ya dunia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria ungemuuliza mtu kabla ya kumtangaza. Duka linaloitwa kwa jina la mwenyewe ni sawa kama jina hilo liko kwenye kibao.

Yule mkunga wa jadi niliyemtaja, muulize mwenyewe. Akikataa, njia ya kwenda kitongojini kwake inatosha.

Nyumba ya shangazi anayemhifadhi binti usiiweke, wala mahali popote wanapojificha watu wanaotafutwa na ndugu zao. Ramani inayomfikisha mwokoaji inamfikisha pia anayewinda. Kinachohitajika ni kitongoji chenye jina sahihi na njia inayopitika. Hatua mia za mwisho huelekezwa kwa simu, kwa mtu anayeaminika. Hali kadhalika misitu ya matambiko na makaburi ya koo: uliza wazee, na wakisema hapana, acha. Ukiona dalili za wanyama adimu, kama faru, usirekodi mahali pake.

Hatua ya sita: kupakia na kusahihisha

Pakia siku hiyohiyo ukifika penye mtandao, kabla kumbukumbu haijachanganyika. Kila unapopakia utaombwa maelezo mafupi ya mabadiliko. Andika kitu chenye maana, kama "Vituo vya maji na shule, Robanda, nilitembelea mwenyewe." Mhariri wa mbali akiona maneno "nilitembelea mwenyewe" atafikiri mara mbili kabla ya kubadilisha. Kama mko kikundi, kubalianeni alama moja ya reli (#) na neno la mradi wenu ili kazi yenu yote ipatikane pamoja.

Kagua marudio. Mtu wa setilaiti anaweza kuwa ameshachora jengo la shule; usiongeze shule nyingine juu yake, bali lipe jengo au eneo hilo jina. Usifute kazi ya mtu mpaka umefika mahali hapo ukaona kitu hakipo. Ukikosea, usiogope, historia ya kila kitu inahifadhiwa na kosa linaweza kurudishwa. Ukipata ujumbe kutoka kwa mhariri mwingine, jibu, hata kwa sentensi moja.

Mafaili ya GPX yafungue kwenye kompyuta juu ya picha ya setilaiti. Mahali picha na njia yako vinapishana kwa mita kadhaa kote, picha ndiyo iliyosogea. Isogeze picha kwanza, kisha chora.

Mabadiliko huonekana kwenye tovuti baada ya dakika chache, lakini kwenye programu za bila mtandao hayaji mpaka ramani mpya itolewe nawe uipakue. Waeleze watu hilo mapema, la sivyo dereva atafungua simu keshoye, asione kitu, akasema mlimdanganya.

Hatua ya saba: irudishe kijijini

Chapisha. Tovuti ya MapOSMatic hukupa ramani ya eneo unalolichagua katika faili la PDF, ikiwa na orodha ya majina pembeni. Stationari ya mjini itakutolea kwenye karatasi kubwa. Peleka nakala moja ofisi ya kijiji, moja zahanati, moja kwa walimu, na moja kwenye dawati la jinsia la polisi.

Ile ya ofisini ibandike ukutani kwa usawa wa macho, si juu karibu na dari, na funga kalamu nyekundu kwa uzi kwenye msumari pembeni yake. Mwambie mtendaji kwamba yeyote anayeona kosa alizungushie duara na kuandika jina sahihi. Pita tena mvua za masika zikiisha, ipige picha, na uanze kuingiza kilichoandikwa kwa wino mwekundu.